Kwa Mgiriki wa Divai ya Ndizi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika, kwa ajili yangu mwenyewe, habari za wageni waliohamia Morogoro na vitu walivyoacha. Daftari limejaa vilivyokufa: maduka yaliyofungwa, nyumba za mashamba ya mkonge zisizo na paa, mashine ya barafu ambayo leo ni banda la kuku. Ndipo jirani yangu hapa Bigwa aliponiambia kwamba milimani, juu ya Mkuyuni, yuko Mgiriki wa kizazi cha tatu anayetengeneza divai ya babu yake mpaka leo. Mimi pombe sinywi. Lakini kitu cha wageni kilichodumu hivyo, nilitaka kujua kimedumuje.

Saa moja asubuhi niliondoka na daftari, kalamu mbili na mwavuli. Barabara ya Matombo inauzunguka mlima kwa adabu, bila kuupanda, na ukungu ulikuwa bado haujaamka.

Saa tatu nilishuka Mkuyuni. Ilikuwa siku ya soko, mikungu ya ndizi imepangwa kando ya njia. Nilimwuliza dereva wa bodaboda kama anamjua Mgiriki.

"Yule Mluguru?"

"Mgiriki."

"Ndiyo huyo huyo. Panda."

Saa nne na nusu nilifika. Mzee Yani, mwenyeji wangu, ana macho ya kijivu na Kiluguru cha kuzaliwa nacho. Mama yake ni wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Nilimwamkia shikamoo, nikamtajia jina langu na kilichonileta, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa amelaza sikio kwenye pipa.

"Sikiliza, Bwana Hamisi. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo hivyo. Umekuja kuandika matanga."

Alinieleza. Ndizi mbivu huchemshwa, huchujwa, na juisi ikipoa humwagiwa mashapo, lile tope zito linalobaki chini ya pipa kuu kila msimu. Tope hilo ndilo hamira. Babu na bibi yake walilileta kutoka kisiwani kwao, wakajaribu zabibu, mvua ikaziozesha, wakahamia kwenye ndizi. Tope halikujali. Liliendelea kurithishwa, msimu kwa msimu, hadi juma lililopita, Yani aliposikia wakaguzi wa afya wanakuja. Kwa hofu ya kuonekana mchafu, alisugua kila kitu kwa maji ya moto na sabuni. Hata pipa kuu, tope likaenda na maji.

"Wakaguzi wakasemaje?"

"Hawajaja mpaka leo!"

Kila pipa lilikuwa na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji. Juisi ikianza kuchacha, maji hutoa mapovu. Nilitazama saa kwa dakika kumi. Mapovu: hakuna. Mapipa manne, siku ya tatu. Yani alisema siku mbili zaidi na juisi yote itakuwa ya kumwaga. Nilipotaja hamira ya dukani alikunja uso. Aliijaribu kwenye ndoo, ikanuka mkate.

Sikuwa na la kusaidia, nikarudi kwenye maswali yangu. Ardhi mliipataje? Kwa ukoo wenye mlima huu, alisema, nao hupelekewa ngoto kila mwaka, zawadi ndogo ya kukiri kwamba ardhi ni yao.

"Ngoto yenu ni nini?"

"Jagi moja la mashapo. Kwa Bibi Skola, pale chini."

"Yeye huyafanyia nini?"

"Sijawahi kumwuliza," alisema Yani, na tayari alikuwa anatafuta viatu.

Saa nane mchana tulikuwa uani kwa Bibi Skola. Ni bibi mfupi, mwenye rozari shingoni, na ukoo wake ni watani wa ukoo wa mama yake Yani. Alitusikiliza huku akipepeta mahindi.

"Kila mwaka unaniletea tope huku unacheka," alisema. "Leo mbona umenuna, Mgiriki? Umefiwa?"

"Nisamehe, bibi."

"Bibi yangu ndiye aliyelichagua. Wanaume walitaka chupa kwa ngoto. Yeye akasema, chupa itaisha leo leo, nipeni kinachochemka chini. Na pombe yetu ya mahindi tunaiamshia nini, wewe ulifikiri? Maombi?"

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu. Yani alinyoosha mikono. Bibi akakisogeza nyuma.

"Mikono hiyo ina sabuni. Nitamimina mwenyewe."

Akapanda mlima mbele yetu, bila fimbo, kibuyu kichwani. Alimimina pipa baada ya pipa, akabakiza nusu, akaenda nayo nyumbani.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilimkuta Yani amekaa sakafuni mbele ya chupa. Nilitazama saa. Dakika nzima ikapita kimya. Kisha povu moja, dogo, likapanda na kupasuka. Mengine mawili yakafuata. Yani aliinuka ghafla akaenda kufunga mlango uliokuwa umefungwa tayari. Nilimwacha.

Adhuhuri nilianza kurudi. Yani alinipa chupa tupu ya kumbukumbu, kwa kuwa sinywi. Kwenye lebo kuna majina ya waanzilishi, babu na bibi yake, na chini yake picha ya kichala cha zabibu.

Nilimwambia kwamba nilikuja kutafuta walioanzisha, na sikuwa nimepanga kuuliza nani aliyetunza. Sasa nina jina la tatu daftarini, la bibi yake Bibi Skola. Nikamwuliza, kwenye lebo kuna nafasi?

Aliweka kidole juu ya kile kichala.

"Ipo," alisema. "Tunaondoa zabibu."