Godelive Akibisha Hodi

Kazi ya Godelive huko Beni, mashariki mwa Kongo, ni kupeleka habari za kifo. Watu wakiuawa mashambani, bureau, ofisi anayoifanyia kazi, humtuma kwa familia zao, kwa sababu anajua namna ya kusema na namna ya kunyamaza. Ndiyo maana mtaani hakuna anayefurahi kumwona akibisha hodi. Wengine huanza kulia kabla hajafungua kinywa.

Katika kila semina wakubwa wake humwambia ajitunze, atafute mtu wa kumsikiliza. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti cha hoteli. Nani atamsikiliza, kama kila nyumba inamwogopa?

Asubuhi moja alipigiwa simu: kaka yake Vagheni ameuawa kwa panga shambani, kule Mabalako. Siku hiyo hakwenda bureau. Alikwenda kwa Yasmine, rafiki yake tangu shule, ambaye mume wake Ibrahim anaendesha lori barabara ya Butembo. Alitaka tu kulia mbele ya mtu.

Yasmine alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Alipomwona Godelive amesimama mlangoni, macho mekundu, mchi ulimponyoka, akaanguka chini akilia, "Ibrahim wangu, Ibrahim wangu."

Godelive akajikuta amepiga magoti, amemshika mabega, kama alivyozoea.

"Hapana, dada. Haiko Ibrahim. Ni Vagheni, kaka yangu."

Yasmine akashusha pumzi ndefu.

"Aksanti Mungu," akasema.

Godelive akaingia jikoni, akamletea maji ya kunywa.