Sweta ya Njano Kwenye Dirisha la Banda

Bhavik ndiye aliyemwonyesha Wawira ile katuni. Ilikuwa Machi 2007, asubuhi ya mvua, na saiba yao, duka la kukodisha intaneti lililokuwa ghorofani juu ya duka la vitabu la babake Bhavik mjini Nakuru, haikuwa na mteja hata mmoja. Bhavik alivuta kiti mbele ya kompyuta ya pembeni, akaita.

"Wawira, kuja uone kitu. Hii kitu itanimaliza."

Katuni yenyewe iliitwa Banda. Haikuwa na maneno. Kila Alhamisi ulitoka ukurasa mmoja mpya kwenye mtandao, umechorwa kwa penseli, na mchoraji hakuwahi kujitaja jina. Kulikuwa na jengo refu la mbao juu ya kilima, lenye mabomba matatu ya moshi, ukungu umelizingira pande zote. Watu walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, wakaingia, wakaketi kwenye sakafu iliyojaa maua madogo meupe, wakangoja. Hakuna aliyewahi kuonekana akitoka.

Mashabiki wake walikuwa wametapakaa dunia nzima, na walikuwa na ukumbi wao wa mtandaoni wa kubishana. Pale ni wapi? Hilo ndilo swali walilokesha nalo. Mwanamke mmoja wa Finland aliamini ni mahali roho zinaposimama kabla ya kuhukumiwa. Daktari wa Kanada alisema ni kichwa cha mtu aliyepoteza fahamu, na kila anayeingia ni kumbukumbu yake moja. Maua yale waliyaandikia kurasa nzima: eti ni maua ya makaburini, eti ni nyota zilizoanguka. Bhavik naye alikuwa na lake.

"Hiyo ni meli ya anga," alisema, akigusa kioo kwa kidole. "Dunia imeisha, hawa ndio walibaki. Angalia hizo bomba. Hiyo ni injini, haki ya Mungu."

Wawira alisogea, akayatazama maua. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtu mpole, mwenye mazoea ya kusikiliza wateja wakieleza shida zao huku akiwachapia barua. Maua yale aliyajua. Ni pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu. Mtoto yeyote aliyekulia milima ya Mau angeyajua, na angejua pia kwamba lile jengo ni banda la kukaushia pareto, na yale mabomba ni ya tanuri. Lakini alijiambia mabanda kama hayo wazungu walijenga mengi, na kwamba pareto ni pareto tu.

Baada ya wiki moja alijiandikisha kwenye ule ukumbi kwa jina la kubuni, akaandika kwa Kiingereza chake kizuri cha shule kwamba banda ni neno la Kiswahili, na maana yake ni jengo kubwa la kazi. Wachache walimshukuru. Kisha kijana wa Brazili akasema kwao banda ni kundi la wanamuziki, na kwamba bila shaka wale wanaongoja ni wapiga ala waliokufa. Wakashika hilo, wakabishana siku tatu, Wawira wakamsahau.

Hakuchukia. Alirudi kila Alhamisi. Akawa anafika kazini mapema siku hiyo, kabla ya Bhavik, aufungue ukurasa akiwa peke yake. Kila mara alikuta kitu kidogo alichokijua tangu utotoni: tangi la maji lililoinama upande mmoja, mlango uliokatwa katikati ili ufunguke nusu ya juu, mti uliopigwa na radi. Usiku alisikia harufu ya pareto chumbani mwake katika mtaa wa Free Area, harufu ile kavu inayowasha pua, ilhali kulikuwa na harufu ya sabuni tu na ya majirani wakikaanga vitunguu.

Mwezi wa nane ulitoka ukurasa wa arobaini. Kurasa zote za nyuma zilikuwa za penseli tupu. Huu ulikuwa na rangi mahali pamoja: kwenye dirisha dogo la banda, nyuma ya waya, alisimama mtoto wa kike aliyegeuza uso, amevaa sweta ya njano. Kwenye kiwiko, sweta ilikuwa na kiraka cha buluu.

Bhavik alipoingia alimkuta Wawira amekaa, mikono juu ya mapaja, uso umemwisha damu.

"Ni nini? Umepata habari mbaya nyumbani?"

"Hicho kiraka," Wawira alisema, "mama yangu ndiye alishona."

Hakumweleza zaidi siku hiyo, na Bhavik, kwa heshima yake, hakuuliza.

Wawira alizaliwa kwenye shamba lililokuwa juu ya Mau Narok, ambalo watu waliita kwa Kaburu hata baada ya Kaburu mwenyewe, mzungu aliyelimiliki, kuliuza na kwenda zake. Baba yake, Gachanja, alinunua ekari zake humo pamoja na watu wa makabila mbalimbali, wakaishi, wakauziana maziwa, wakazikana. Mwaka wa tisini na mbili mambo yakaharibika, kabila likachomea kabila nyumba. Siku moja alasiri, ukungu ukiwa mzito, moshi ulionekana ng'ambo ya mto, na mama akawaambia watoto wakimbie nyuma yake kuelekea barabarani. Wawira alikuwa na miaka tisa. Alipewa mkono wa mdogo wake Marigu, mwenye miaka mitano, akaambiwa asiuachilie.

Walipofika barabarani Marigu hakuwepo. Wawira alisema mtoto amechomoka. Hilo ndilo alilosema siku hiyo, na kwa polisi, na kwa baba yake, ambaye alirudi siku ya tano na lori la askari, wakapekua mashamba, wakalipekua na banda la pareto la shamba hilo, wasipate kitu. Ukweli ulikuwa kwamba Marigu alichoka, akaketi chini, akawa mzito. Na Wawira aliona watu wakija kwenye ukungu, akaachilia.

Baba alikufa bila kumtaja Marigu tena. Mama, hadi siku zile, aliamini mtoto aliokotwa na watu wema, na kwamba yuko mahali, ameshaolewa.

Ilimchukua Wawira wiki mbili kuandika. Mwisho wa kurasa za katuni palikuwa na anwani ya barua pepe, akaitumia. Aliandika kwa Kiswahili, moja kwa moja: "Huyo mtoto ni ndugu yangu. Anaitwa Marigu. Mimi ndiye nilimwachilia mkono. Wewe ni nani?" Hakuwahi kumwambia binadamu yeyote jambo hilo. Alibonyeza kutuma, akaizima kompyuta.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Mchoraji aliitwa Kipketer. Alifanya kazi katika mji wa Gilgil, kwenye duka la kuchapa mabango, akichora ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya mabucha ya Kikopey. Katuni alikuwa akiipitisha kwenye skana ya kazini wakati wa chakula cha mchana.

Walikutana Jumamosi kwenye hoteli moja ya chai Gilgil. Alikuwa mtu mrefu mwenye rangi kwenye kucha, na hakumwangalia Wawira machoni hadi chai ilipopoa.

"Nilikuwa na miaka kumi," alisema. "Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Kesho yake, baada ya nyinyi kwenda, nilienda kutafuta ndama. Nikamwona hapo kwa dirisha ya banda. Nikampelekea maziwa na kipande ya ugali. Siku ya pili nikampelekea tena. Alikuwa anakohoa. Siku ya tatu nikakuta hayuko."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Wakati huo mtu mzima angefanya nini, sikujua."

Wawira alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akamuuliza lile ambalo maelfu ya watu walikuwa wakiulizana kila wiki. "Na hawa wengine unaowachora, wanaoingia na kungoja, wanaenda wapi? Hapo mahali ni wapi?"

Kipketer alitikisa kichwa. "Wanafikiria mimi najua. Wananiandikia, tuambie, tuambie. Dada, mimi nachora nikitafuta. Kila wiki namfungulia mlango mtu mmoja, nikidhani huyo ndiye atamwona alienda wapi. Hakuna aliyeniambia bado."

Mwezi wa kumi na moja walipanda pamoja hadi kwa Kaburu. Banda halikuwepo. Mbao zilichukuliwa zamani, na kilima chote kilikuwa ngano hadi mwisho wa macho, upepo ukiilaza na kuiinua. Katikati ya ngano palikuwa na mahali padogo pasipolimwa, na mtarakwa mmoja umesimama hapo. Trekta ilikuwa imepazunguka.

Mama yake Kipketer, Chepchirchir, aliwapokea nyumbani. Alipoambiwa mgeni ni mtoto wa Gachanja, alifuta mikono kwa leso polepole sana, akawaangalia wote wawili.

"Mmetoka kuona ule mti," alisema.

"Tumeuona, mama," Wawira akajibu.

"Mimi ndiye niliwakataza wa trekta wasilime hapo. Sikuwaambia kwa nini."

Akaketi. Alisema kwamba aliona maziwa yanapungua, akamfuata mwanawe kwa siri siku ile ya pili, akamwona anatoka bandani. Alfajiri ya tatu alienda mwenyewe na blanketi, akitaka kumleta mtoto nyumbani. Baridi ya Mau ilikuwa imemtangulia. Alimzika pale pale nyuma ya banda, peke yake, kwa jembe la kupalilia, akamvika sweta yake vizuri.

Kipketer alisimama. "Mama! Miaka kumi na tano unaniona nikihangaika!"

"Ulikuwa mtoto. Nilitaka ubaki ukijua alienda, si kwamba alikufa," akasema. Kisha akamgeukia Wawira. "Na baba yako alipokuja na askari, niliogopa. Wangesema ni sisi. Na wengine wetu ndio walikuwa."

Wawira alikubali kikombe cha maziwa alichopewa, akakinywa chote, kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

Alikusudia kumwambia mama yake Krismasi. Krismasi ikaja na kelele za kura, akaahirisha hadi mwaka mpya. Mwaka mpya ulikuja na moto, makabila yakigombania matokeo ya kura. Mwisho wa Januari Nakuru yenyewe iliwaka. Bhavik alifunga saiba akapeleka wazazi wake kwa ndugu Nairobi. Uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Mama yake Wawira alishinda kwenye foleni za mahema akiwabebea watu maji, na kila msichana wa miaka ishirini aliyepita alimwangalia usoni mara mbili. Wawira aliliona hilo. Akashindwa kabisa kumwambia.

Kutoka kwa Kipketer ulikuja ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Niko kwa rafiki. Usiniulize wapi." Halafu kimya cha wiki saba. Alhamisi zilipita bila ukurasa. Saiba ilipofunguliwa Machi, Wawira alikuta mashabiki wamejenga nadharia mpya juu ya ule ukimya. Kutochora ni sehemu ya hadithi, walisema. Sasa sisi ndio tuliomo bandani, sisi ndio tunaongoja. Walilifurahia wazo hilo. Mmoja aliuliza, kama kwa mzaha, iwapo mchoraji yu hai. Wawira aliweka vidole kwenye kibodi, akaviondoa.

Kipketer alikuwa hai. Alirudi Gilgil mwezi wa nne, duka limevunjwa vioo, akachora ukurasa mmoja wa mwisho: kilima cha ngano, hakuna jengo, hakuna mtu. Mashabiki walikasirika. Walidai majibu. Bhavik aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, kisha akamtazama Wawira, akauzima mtambo mwenyewe. Habari za meli hakuzitaja tena.

Jioni hiyo Wawira alimwambia mama yake mahali Marigu alipozikwa. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua hadi yakaisha, akayasukuma pembeni, akasema, "Nipeleke."

Walienda Mei, barabara zilipotulia. Chepchirchir aliwangoja chini ya mtarakwa, amevaa nguo zake za kanisa. Wale wanawake wawili hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na sita, na wakati mmoja walikuwa wakipeana mbegu za viazi. Mama Wawira hakumsalimia. Alipiga magoti, akapapasa majani ya pale chini kwa kiganja, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso.

"Alilia?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Hapana," Chepchirchir alisema. "Nilimkuta amelala."

Wawira, aliyekuwa amesimama nyuma yao, aliona jinsi yule mama mzee alivyojibu haraka. Hakujua kama ni kweli, na alijua hataweza kumuuliza kamwe. Akamsogelea mama yake, akainama.

"Mama, kuna kitu sijawahi kukuambia. Siku ile, mkono wake..."

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema. "Si leo."

Walikaa pale hadi ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni. Chepchirchir alitandika leso yake chini, na mama Wawira, baada ya kuiangalia kwa muda, akaketi upande mmoja wa ile leso. Tangu siku hiyo mama hajauliza juu ya ule mkono, na Wawira hajasema.