Mkalimani wa video Muhima na neno moja la mama

Kila kitu hapa ni kweli tupu. Mwandishi yuko tayari kuapa mbele ya shehe na padri kwa siku moja.

Saa nane mchana, mwaka huu wa 1992, Munyakazi anaacha cherehani yake mtaani Muhima, anavuka barabara na kuketi kando ya televisheni katika chumba cha video cha Leila. Mkanda ni wa Kichina, wa enzi za wafalme: kijana anamsaka aliyemuua baba yake. Munyakazi anatafsiri kwa Kiswahili na kutoa sauti zote, hata ya farasi.

"Kichina ulisoma wapi, mzee?" mtazamaji mmoja anauliza.

"Mimi iko nasoma uso," anajibu. "Mdomo unaweza kudanganya."

Lakini kwa mkanda huu hatanii. Mwaka jana kaka yake alipigwa hadi kufa huko Niboye, katika ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Aliyempiga alifungwa miezi michache, sasa amerudi nyumbani. Mtoto wa marehemu, Habumugisha, ameapa kulipiza kisasi.

"Anasema mama yake amemtuma," Munyakazi anamnong'oneza Leila. "Mama hajasema kitu. Ananyamaza tu, na yeye anauita ukimya ule ruhusa. Nilimkanya, hasikii. Nikaona nimwambie kwa mdomo wa Mchina."

Mkanda huu unaonyeshwa kwa wiki ya tatu sasa, na Habumugisha haukosi. Anakaa benchi la mbele, macho kwenye upanga.

Mwisho unafika. Kijana wa kwenye mkanda amemuua adui, lakini ndugu zake wawili wamebaki njiani, maiti. Anapiga magoti mlangoni kwa mama yake. Mama anafungua mdomo. Munyakazi anashusha sauti.

"Sikukutuma."

Hakuna anayecheka. Habumugisha anainuka, anatoka nje.

Sasa, mwandishi huyu, aliyewahi kudai kwamba alimfundisha Mchina Kichina, alikuwa ameweka dau: chai na chapati kwa benchi zima kwamba tafsiri hiyo ni neno kwa neno. Aliyelipokea ni Nzeyimana, aliyeendesha lori la Wachina wajenzi wa barabara miaka mingi hadi akakijua Kichina.

"Lete chapati, muzee," Nzeyimana anamwambia mwandishi mlangoni. "Mama kasema, 'Mbona umechelewa?'"

"Punguza sauti," Munyakazi anamsihi. "Kijana akisikia, utakuwa umeua mtu."

Onyo limechelewa. Habumugisha amesimama pale pale nje kwenye birika la chai la Leila, kikombe mkononi.

"Baba mdogo, nilijua ni uongo," anasema taratibu. "Mama gani anasema vile, mtoto amelowa damu? Wiki iliyopita nikaenda kumuuliza wangu. Nikamwambia, umenituma au hukunituma?"

Leila ndiye anayeuliza: "Akasemaje?"

"Alilia kwanza. Halafu akasema neno lile lile."

Munyakazi anajifuta uso kwa futi yake ya kitambaa, ile ya kupimia viuno vya watu.

Ana mpango. Anataka cherehani ya pili iwekwe ubavuni mwa yake, Habumugisha aanze kujifunza kukata suruali. "Mikono yake iko na nguvu," anasema. "Nataka ichoke na kazi."

Mwandishi analipa, benchi zima likimtazama. Habumugisha anapokea chapati mbili. Moja anakula. Nyingine anaifunga kwenye gazeti, ya mama.