Korosho ya Zuhura kwenye bakuli la maji

Jamani, bado siamini. Nimempigia Zuhura leo asubuhi, kapokea binti yake. Analia: mama amefariki.

Mnaonifuata humu mnajua mimi si mwongeaji. Leo niacheni niseme.

Tulikuwa Form Three, Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Zuhura alipogundulika ana TB. Sindano kwanza, halafu vidonge mwaka mzima. Bwenini kikombe chake cha bati kikatundikwa peke yake, mpini umepakwa rangi. Kilimuuma kuliko sindano.

Biology ya Kiingereza ilikuwa inanipita juu. Yeye aliishika. Hospitali walimchungulisha kwenye microscope, akarudi anacheka: "Shoga, nimewaona wadudu wangu! Vijiti vyekundu. Wanamwagiwa asidi na rangi haitoki! Cell wall yao imejaa mafuta, inaitwa mycolic acid." Alicheka mpaka akakohoa.

Msimu wa korosho, shangazi yake akaja kutoka Ruangwa kumchukua.

"Kikohozi si kimekwisha? Vidonge vya nini tena? Korosho zimejaa chini, nani ataokota?"

Zuhura akanitazama mimi. Mimi ninayetetemeka hata kujibu "present"! Nikaanza: "Shangazi, cell wall yao…"

"Wol ndiyo nini, mwanangu?"

Zuhura akatoa korosho mbichi kwenye kikapu cha shangazi, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji. Hapo nikapata mdomo.

"Shangazi, ukiiloweka hii, maji yatafika kwenye kiini leo?"

"Wapi! Na ganda lote hilo la mafuta?"

"Basi wadudu waliobaki kifuani mwake ndivyo walivyo. Dawa inawaingia polepole."

Akaiangalia ile korosho, akasonya. Akaondoka peke yake. Zuhura akamaliza vidonge.

Nilidhani yameisha.

Kumbe mwaka huu kikohozi kilirudi. Binti anasema mama alikataa katakata kwenda kupima, na tangu mfungo alikuwa ametenga kikombe chake, anakiosha mwenyewe.

Ulijua, Zuhura. Wewe uliyenifundisha mimi! Nikikupigia unasema, "Vumbi tu hili." Uliogopa kutengwa tena, ukaona bora ujitenge mwenyewe.

Ungeniambia. Ningekuja Ruangwa nikakusemea, hata mbele ya mkutano.

Kesho nawapeleka wanao wakapimwe. Nimeomba nipewe kile kikombe, nitakinywea chai, watu wakiona.

Lala, shoga yangu. Hakuna wa kukutenga tena.