Saa ya Mama Félicité Yavuka Ziwa

Katika soko la Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kwenye safu ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza saa. Walimtazama Félicité tu. Akifunua beseni lake, ni saa moja na nusu. Akikunja turubai, ni saa kumi, hata kama mteja amesimama mbele yake na mfuko wazi mkononi. Mkono wake wa kushoto ulivaa saa ya kiume, kubwa, ya kutiwa ufunguo, aliyoachiwa na marehemu mumewe Déogratias, mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, aliitia ufunguo. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakujibu kwamba yeye anayo haraka na anakaa Baraka, kwa hiyo umtafutie methali nyingine.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipowasukuma watu hadi majini, boti iliondoka ufukwe wa Kazimia ikiwa na Félicité na shoga yake Fanny. Déogratias alikuwa amerudi nyumbani kuchukua godoro. Yeye na godoro lake walipofika ufukweni, boti ilikuwa imekwisha kuondoka. Alichukua miezi miwili kuwafuata, na alipowakuta katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, jambo la kwanza alilofanya ni kuvua saa yake na kumfunga mkewe mkononi. "Linda we saa," alisema. "Mi imenishinda." Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee. Félicité hajachelewa mahali popote tangu siku ile ya kambini, na kuna watu Baraka ambao hawajamsamehe kwa hilo.

Ni kambini humo Fanny alipojifungua binti yake Gentille, akashikwa na homa iliyomlaza miezi miwili. Félicité alikuwa akimnyonyesha mwanawe Wilfried. Akamweka Wilfried kulia na Gentille kushoto, nao wakawa wanapigana mateke juu ya tumbo lake huku wakinyonya. Fanny alipopona na kumkuta mtoto wake ana mashavu, aliapa mbele ya wanawake wote wa safu yao ya mahema. "Siku huyu mutoto ataolewa, tonge ya mwisho ndani ya nyumba yangu itatoka mu mukono yako. Pasipo ile tonge, hatoke."

Amani ilipokuja, Félicité alirudi Baraka. Fanny alibaki Kigoma, maana mumewe alikuwa amepata kazi bandarini. Ziwa likawa katikati yao miaka yote hiyo, wakiongea kwa simu Jumapili mtandao ukipenda. Hawakuonana tena, ila ahadi haikusahauliwa na yeyote kati yao. Na mwaka huu, Jumapili moja, Fanny akapiga simu. "Mama Wilfried, Gentille anaolewa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu kamili, bwana yake anakuja kumuchukua hapa nyumbani."

"Saa tatu," Félicité alirudia, kama mtu anayepewa sala.

Hakusafiri peke yake. Alikwenda na Florentine, mwimbaji wa kwaya mwenye mwili na kicheko cha kutosha watu wawili, na Ketsia, msusi, mdogo kuliko wote, ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi na alinunua miwani ya jua kwa ajili hiyo. Walishona sare ya kikwembe, kitenge cha bluu chenye maua mekundu. Félicité alibeba unga wa muhogo, chupa ya mawese, na mfuko wa ndagala alizozichagua mwenyewe moja moja.

"Yaya," Ketsia alimwambia, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, "ile ni ziwa moja. Kigoma hakuna ndagala?"

"Iko. Lakini zile hazijui Baraka."

Ndani ya boti, pwani ya Kongo ilipoanza kufifia nyuma yao, Ketsia huyohuyo aliuliza swali ambalo lingewaokoa wote. "Yaya, saa ya kule ni sawa na yetu?" Félicité alimtazama kwa huruma ya mwalimu. "Ziwa ni moja, jua ni moja. Saa itakuwa mbili namna gani?" Florentine, ambaye kwa kawaida hubishia kila kitu, safari hiyo hakubisha, kwa sababu alikuwa ameinamia ndoo akitapika. Basi maneno yakaishia hapo.

Walifika Kigoma jioni ya Ijumaa. Wangeweza kwenda moja kwa moja kwa Fanny, lakini Félicité alikataa. Mwanamke wa Baraka haingii kwenye harusi ya mwanawe akinuka mazutu ya injini na matapishi ya Florentine. Anaingia ameoga, amevaa sare, anaimba. Wakachukua chumba katika nyumba ya wageni karibu na ufukwe. Simu zao hazikushika mtandao wa pale, zikabaki mikobani kimya.

Asubuhi Félicité aliwasha jiko uani, akapika ndagala kwa mawese, akasonga bukari, ugali wa muhogo. Jua lilichomoza saa yake ikisema saa kumi na mbili, vilevile kama Baraka, akaridhika. Aliona maduka ya jirani yamefunguliwa mapema mno, akawasifu Watanzania kwa bidii yao. Alifunga sahani kwa kitambaa cheupe, akawasimamia wenzake mpaka kila kilemba kikakaa sawa. Saa mbili na dakika kumi walikuwa ndani ya bajaji, na Florentine alikuwa ameanza kuimba.

"Mnakwenda harusini kwa mama Gentille?" dereva aliuliza. "Mbona mmechelewa, mama zangu? Saa tatu imeshapita."

Félicité alicheka. Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ili kijana wa watu aone saa ya kweli ilivyo. Dereva naye akaonyesha simu yake. Tatu na robo, saa nzima mbele ya ile ya Déogratias. Wakapita duka la vyombo, na saa zote za ukutani zilizotundikwa pale zilisema hivyohivyo. Florentine akaacha kuimba katikati ya ubeti.

"Yaya," Ketsia alianza.

"Nyamaza."

Félicité alikuwa ameshika sahani mapajani kwa mikono miwili, na moyoni aliiona boti ya Kazimia ikiondoka, safari hii yeye ndiye aliyesimama ufukweni na godoro. Miaka yote aliwagombeza watu. Aliwahi kufunga beseni mbele ya mama mjamzito kwa sababu saa kumi imegonga. Na leo, siku moja aliyotakiwa kuwahi kuliko zote, amechelewa, na mtoto aliyemnyonyesha ameondoka kwao bila tonge lake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaivua saa ya Déogratias, akaitia ndani ya mkoba chini ya leso.

Nje ya nyumba ya Fanny magari yenye riboni yalikuwa yamegeuzwa tayari kuondoka. Shangazi wa bwana harusi alisimama mlangoni, kofia kubwa kichwani, jasho linamtiririka.

"Ndio nyinyi wa Kongo?" alisema. "Tumesimama juani nusu saa nzima kwa ajili ya tonge moja. Padri anatungoja."

Félicité hakuimba wala hakupiga vigelegele. Aliinamisha kichwa, akapita na sahani yake.

Sebuleni, juu ya mkeka, Gentille alikaa ndani ya gauni lake jeupe, peku, viatu vimepangwa pembeni. Alikuwa amemkatalia bwana harusi kutoka kabla ya tonge, akamkatalia shangazi, akamkatalia hata baba yake. Fanny alisimama nyuma yake, mvi kichwani ambazo Félicité hakuwahi kuziona, lakini macho yaleyale.

"Fanny," Félicité alisema. "Unisamehe. Saa yangu imenidanganya. Nimechelewa."

"Hapana. Tazama kule juu."

Ukutani, juu ya mlango wa chumba, ilitundikwa saa ya duara, ya plastiki, iliyopauka kwa uzee. Ilisema saa tatu kasoro dakika ishirini na tano. Félicité aliikodolea macho. Aliingiza mkono mkobani, akatoa ya Déogratias, akazilinganisha. Zilikuwa sawa.

"Ile saa niliiweka mwenyewe siku niliinunua, sijaisogeza tena," Fanny alisema. "Bwana yangu amenigombeza mpaka amechoka. Inje ni saa ya Tanzania. Humu ndani ni saa ya Baraka."

"Juu ya nini, Fanny?"

"Nijue uko unafanya nini. Ikifika saa moja na nusu, nasema, sasa Mama Wilfried amefunua beseni. Saa kumi, nasema, amekunja turubai. Njo vile tumeishi pamoja hii miaka yote." Akamshika shoga yake bega. "Basi kwangu hujachelewa. Kaa, umulishe mutoto."

Félicité alilia wazi, bila kujificha, na Florentine, ambaye hawezi kumwacha mtu alie peke yake, akamsaidia kwa sauti ya juu. Ketsia alivua kilemba chake akakitandaza juu ya gauni jeupe, maana mawese hayana adabu. Félicité alinawa, akapiga magoti, akakata tonge, akalichovya, akaweka juu yake ndagala mbili. Gentille alifumbua mdomo, akala taratibu, macho yamemjaa machozi.

"Mama mkubwa," alisema akiisha kumeza, "sasa naweza kwenda."

Dirisha liligongwa. Shangazi alikuwa akiuliza kama wanataka ndoa ifungwe kesho. Kila mtu akamtazama Félicité, maana wote walimjua, wengine kwa simulizi tu, na walingoja asimame awafukuze mbio kwenda kanisani. Yeye alijifunga saa yake mkononi, akaisoma bila haraka, akakata tonge lingine.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Iko ingali dakika kumi na tano. Kula tena."