Ukoo wa Maduhu Ndani ya Karasha

Maduhu aliandika programu za kuendesha karasha, zile mashine za kuvunja mawe ya dhahabu, katika kampuni ndogo pale Kahama. Nilikaa naye meza moja na nilimpenda, lakini alinichosha. Hakuna programu aliyoianza bila kuingiza ukoo mzima. Kila kigeu, yaani kile kijisanduku cha kutunzia thamani, alikipa jina la ndugu: Rebeka, Clemens, Thobias, Justina. Wote waliorodheshwa juu kabisa, na huko chini hukuwaona tena. Maktaba za programu, yaani vipande vilivyoandikwa tayari na wengine, nazo aliziita kama anaalika harusi, na nyingi hazikuguswa.

"Kwetu mtoto hurithi jina la bibi yake," alijitetea. "Na hii programu ni mtoto wangu."

Bosi wetu Salome hakuwa na masihara. "Kisichofanya kazi kitoke kabla ya kesho jioni. La sivyo utatoka wewe."

Maduhu akakosa raha kabisa. Alishawatangazia ndugu, kwenye sherehe ya kipaimara kule Mhunze, kwamba wote wamo ndani ya mashine, na shangazi yake Rebeka alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Sasa amfute vipi? Akampigia simu kuomba ruhusa. Kesho yake asubuhi shangazi huyo hapo ofisini, kabeba mfuko wa michembe, viazi vyake alivyokausha mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nioneshe nilipo."

Maduhu akamwonesha jina kwenye skrini. Mama wa watu akalitazama kwa fahari.

"Na kazi yangu humu ni nini?"

"Huna, shangazi. Umekaa tu."

Nilidhani atampiga na ule mfuko. "Mimi? Nikae tu kutwa nzima, watu wananitazama? Nitoe! Na hao wenzangu watoe, uvivu wao naujua tangu zamani."

Maduhu akafuta mmoja mmoja, na maktaba zake pia, jasho likimtoka. Mwishowe likabaki jina moja, na mkono wake ukagoma.

"Nani huyo?" shangazi aliuliza.

"Mayu. Mama."

Rebeka akaketi. Justina, mama yake Maduhu, alikuwa wifi yake, marehemu miaka mingi, na mimi mwenyewe niliona uchungu ukimpanda.

"Huyo usimtoe. Mpe kazi. Amekufa ameshika jembe, leo ndiyo akae bure?"

Jioni Salome alikagua programu, akaridhika. Ndugu wengine wote walikuwa wametoka. Mtu akisogeza mkono karibu na meno ya karasha, Justina ndiye anayeizima.