Nilisoma Damu ya Tiga Kama Mtihani

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, na pombe sijawahi kuonja. Nilifundisha hesabu huko Bondo miaka thelathini; mimi si mtu wa hadithi za majini.

Mke wangu alipofariki aliniachia mbwa wake, Tiga. Watoto wetu wako mbali, kwa hiyo nyumbani tulibaki sisi wawili tu, na kusema kweli huyo mbwa ndiye aliyenifanya niamke asubuhi. Basi Tiga akaanza kukataa chakula. Maji anakunywa, lakini anakonda tu. Ijumaa nikampeleka kwa daktari wa mifugo hapa Kisumu, wakamtoa damu. Majibu yalipotoka daktari alikuwa anamshona mbwa mwingine, na msichana wa mapokezi akaniomba ningoje nielezwe. Ningoje nini? Nikamwambia nimesahihisha mitihani kabla mama yake hajazaliwa.

Nikasoma mwenyewe. Safu moja ilionyesha kiwango kinachotakiwa, nyingine alichopata Tiga. Kwenye mistari miwili ya figo alikuwa amepita kiwango mara tano. Mara tano! Nikajua amefaulu, figo zake ni imara, labda ni minyoo tu. Cheka ukitaka.

Nikapitia Dunga, ufuoni wanakouza samaki, nimnunulie wawili watatu. Pale kulikuwa na mama mmoja mzee ameketi anaparua magamba ya ngege, samaki wetu wa ziwani. Tiga, aliyekuwa hana nguvu hata ya kusimama, akajivuta mpaka kwake, akalaza kichwa juu ya mguu wake na kulia kwa sauti nyembamba, vile alivyokuwa akimlilia mke wangu akitoka sokoni. Yule mama hakuinua macho. Aliendelea kuparua, akasema:

"Mwalimu, hizo si maksi. Ni uchafu ambao figo zimeshindwa kutoa kwa damu. Mrudishe leo."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Niamini. Nimeishi na sauti hiyo miaka thelathini na minne, nitaikosea vipi? Na karatasi ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwangu. Nikamwuliza kwa ukali ni nani amemwambia. Akachukua ngege mwingine.

Mwuza samaki aliyekuwa karibu naye akanihurumia. "Mzee, unamsumbua bure. Huyo ni bubu tangu azaliwe."

Nikambeba Tiga nikaondoka mbio, lakini si kwa daktari. Niliogopa, jamani. Nilijiambia huyo ni pepo, na pepo hasemi kweli. Nikajifungia nyumbani nikaomba na kukemea, usiku wote wa Ijumaa, Jumamosi yote. Jumapili, majirani wakienda kanisani, Tiga alikata roho mapajani mwangu.

Jumatatu nilimpelekea daktari ile karatasi. Akanieleza mstari kwa mstari, karibu maneno yale yale. Kisha akasema, "Ungerudi Ijumaa tungemwekea dripu. Pengine angepona."

Sasa kila Ijumaa naenda Dunga. Nanunua samaki nisiowala, nasimama mbele ya yule mama na kumwomba msamaha, na watu wanadhani nimerukwa na akili. Yeye anaparua tu.

Wewe mwenye mbwa au paka, ukipewa karatasi ya damu, keti umngoje daktari. Uliza, hata ukiona aibu. Mimi mke wangu alirudi kunieleza, nikamkemea kama shetani.